Fundi rangi wa magari aliyeziba kivuli cha mwezi

Ko. Ko. Ko-ko-ko.

Sauti inatoka nyuma ya ukuta wa mabati kabla hujaona mtu. Ni kijiti kinachogonga ukingo wa kopo, taratibu, bila pupa, kama mgeni anayebisha hodi huku akijua wenyewe wamo ndani. Kisha kimya. Kisha kompresa inakohoa mara mbili, inaanza kunguruma, na harufu ya tina, kile kiyeyusha rangi, inapenya chini ya mlango na kukusalimu kabla ya mwenyeji.

Ni saa mbili na robo asubuhi. Ndani ya gereji, mwanamke aliyevaa ovaroli ambayo zamani ilikuwa ya buluu anainua kijiti, anaiacha rangi idondoke, anaitazama inavyoanguka.

"Bado," anasema peke yake, na kijiti kinarudi kazini.

Hapa hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Anaitwa Koti Tatu. Mafundi wengi hulipaka gari rangi mara mbili, kila mara wakiita koti, kisha humpigia simu mwenye gari aje. Yeye hupaka mara tatu, hata kama ni bampa la gari lililobakiza mwaka mmoja wa kutembea. Wanaojua sarufi watasema ni makoti matatu. Gereji haina muda huo.

Gari la leo ni teksi nyeupe iliyogongwa mlango wa kushoto. Mlango umeshanyooshwa, umesuguliwa msasa, umetulia. Kazi iliyobaki ni kuupata weupe wake.

"Nyeupe inawadanganya watu, wanadhani ni moja," anasema bila kugeuka. "Hii teksi ina miaka sita juani. Nikiupa mlango nyeupe ya kiwandani, utaonekana umetoka harusini na gari lenyewe limetoka shamba."

Anaongeza tone moja la njano. Halafu nusu tone la nyeusi, na hiyo nusu anaichota kwa ncha ya msumari. Anakoroga, anadondosha, anaguna. Sasa ameridhika.

Koti la kwanza linamalizika saa tatu kasoro dakika kumi. Anazima kompresa, anashusha barakoa shingoni, anatazama saa ya ukutani. Rangi inahitaji dakika ishirini kukauka kabla ya koti la pili. Wengine hutumia dakika hizo kunywa chai na kubishana mpira. Koti Tatu ananawa kwa sabuni ya unga mpaka viwikoni, anaingia kijumba cha vioo kilichoko pembeni, na kufunga mlango kwa teke la kisigino.

Mezani kuna kompyuta mpakato iliyovishwa nailoni kama sofa jipya, maana vumbi la msasa halina adabu. Anaandika juu ya hiyo nailoni. Kitufe cha M kiling'oka zamani, na mahali pake amepaka alama nyekundu kwa rangi iliyobaki kwenye boneti ya mtu.

Skrini inawaka. Zinatokea tepe za kijivu, moja chini ya nyingine, na ndani ya kila tepe kuna michirizi iliyokatwa katikati, kama gazeti lililopita kwenye mashine ya kuchana karatasi.

"Karibu Mshtarii," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu.

Mshtarii ndiyo sayari kubwa kuliko zote zinazolizunguka jua letu. Ukizipanga dunia kumi na moja ubavu kwa ubavu, ndipo utaukata uso wake kutoka upande hadi upande. Haina ardhi ya kukanyaga. Ni gesi na mawingu, mawingu na gesi, na tufani zisizojua kuchoka. Chombo kisicho na mtu ndani kinaizunguka huku kikijipindua kama pia ya watoto, na kila kinapogeuka kamera yake hupiga tepe baada ya tepe. Picha hizo hutumwa duniani na kuwekwa mtandaoni jinsi zilivyo. Anayezitaka azipakue.

Na jinsi zilivyo hazitamaniki. Hazina rangi. Tepe moja imepigwa kupitia kioo chekundu, nyingine cha kijani, nyingine cha buluu, na zote zimechanganyika. Mtu huzitenga, huzinyoosha, kwa sababu chombo kilikuwa kinazunguka huku kinakimbia, huziunga, kisha hulaza nyekundu juu ya kijani na kijani juu ya buluu. Hapo ndipo sayari hutoka gizani na rangi zake.

Koti Tatu huziita picha mbichi. Kazi ya kuziandaa huiita kupika.

Mlango wa vioo unafunguka na kichwa kinachungulia. Ni ndugu wa mumewe, fundi bodi, mshirika wake katika gereji hii. Anaitwa Nyundo. Yeye hunyoosha bati, Koti Tatu hupaka. Kazi yake nyingine, isiyo na malipo, ni kumtania shemeji yake.

"Mwandishi, umeshaambiwa maajabu ya huyu?" ananiuliza mimi niliyekaa pembeni na daftari. "Nyumbani anapika, ndiyo anapakua. Akifika hapa anapakua kwanza, halafu ndiyo anapika. Na hakuna kinacholiwa!"

"Funga mlango, shemeji, unanitilia vumbi."

"Na hizo koti tatu ni ujanja. Angepiga mbili angezikosa dakika ishirini za Mshtarii."

"Nilikuwa napiga tatu wewe bado unashika nyundo kwa mikono miwili."

Nyundo anacheka kwa sauti kubwa, anafunga mlango kwa heshima zote, na dakika moja baadaye bati linaanza kulia upande wa pili.

Koti Tatu ana umri wa miaka arobaini na saba. Aliacha shule kidato cha pili, baba yake alipougua, akaingia gereji kushika msasa. Kwa miaka mitatu hakuruhusiwa kugusa rangi. Alisugua puti, lile tope la kuzibia mashimo ya bati, asubuhi, akasugua puti jioni, mpaka vidole vikajifunza kuona.

"Nikipitisha mkono hivi, nimefumba macho, nakwambia hapa paligongwa," anasema akipapasa meza. "Shimo la jiwe dogo barabarani, mikwaruzo ya funguo, vyote navisikia. Na nikikisikia, siwezi kukiacha. Lazima nikizibe. Mkono wenyewe hautulii."

Maneno hayo anayasema akicheka. Baadaye atayarudia bila kucheka.

Mshtarii iliingia nyumbani kwake miaka sita iliyopita, ndani ya simu ya binti yake aliyekuwa akisomea uuguzi. Ilikuwa picha ya uso wa krimu na kahawia, michirizi ikijikunja ndani ya michirizi.

"Nikamuuliza, mwanangu, nani huyu mvivu? Hii rangi haikukorogwa!" anakumbuka. "Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, 'Mama, hiyo ni sayari.' Nikamwambia sawa, hata kama ni sayari, haikukorogwa."

Lakini ile picha haikumtoka. Kwa miaka mingi alikuwa ameona michirizi kama ile kwenye makopo yake, sekunde chache tu, kabla kijiti hakijaiharibu. Kumbe kulikuwa na mahali ambapo hakuna anayekoroga, na michirizi huachwa ijiendee inavyotaka. Binti alipopata kompyuta nyingine, hii ya zamani akampa mama yake, akamwonyesha picha mbichi zinakopatikana.

Picha yake ya kwanza ilimchukua miezi minne. "Ilitoka kama yai la kuchemsha lililopasuka," anasema. Ya pili ilikuwa nusu yai. Hadi leo amepika mia mbili na kumi na mbili, nyingine kwa siku tatu, nyingine kwa wiki mbili, karibu zote katika dakika za kungojea rangi ikauke. Huzituma kwenye ukurasa wa mtandaoni ambako wapishi wenzake wa nchi mbalimbali huonyeshana, husifiana na kukosoana.

Kazi hiyo haimwingizii kitu, na hataki watu wafikiri vinginevyo. Kinachomlisha ni magari. Mlango mmoja uliogongwa unaweza kulisha nyumba yake siku nne. Msimu wa mvua ndio mgumu, kwa sababu rangi haikauki na wenye magari hawaji. Mwaka juzi zilipita siku kumi na tisa bila gari hata moja.

"Siku hizo nilipika picha kumi na moja," anasema. "Mume wangu akaniambia, 'Mke wangu, tutakula mawingu.' Nikamwambia yapo ya krimu na ya kahawia, achague."

Katika ukurasa ule wanamjua kwa jambo moja, nalo ni kukataa kuongeza rangi. Wapishi wengi hupenda Mshtarii iwe nyekundu kama pilipili na buluu kama kigae cha bafuni. Ya Koti Tatu ni ya kupauka, krimu iliyochoka, kahawia ya chai yenye maziwa mengi. Mmoja aliwahi kumwandikia kwamba picha zake zinahitaji jua.

"Nikamjibu, zina jua, ila la mbali. Kule jua ni dogo, mwanga wake hafifu. Mimi kazi yangu miaka ishirini na minane ni kuulinganisha mlango na gari lilivyo, si nitakavyo mimi. Nitashindwaje kwa sayari?"

Kwa msimamo huo ndipo makosa yaliyompata mwezi uliopita yalimuuma kuliko ambavyo yangemuuma mtu mwingine.

Yalianza kwa heri. Mkutubi wa maktaba ya mji alileta gari lake lililokwaruzwa na lango. Akiwa anangoja, akaona kupitia vioo uso wa Mshtarii umejaa skrini. Akaingia bila hodi. Maktaba ilikuwa inamalizia chumba kipya cha kusomea, na ukuta mmoja, mita tatu kwa mita mbili, ulikuwa mtupu.

"Dada, hii umeitoa wapi?" mkutubi aliuliza.

"Nimeipika."

"Tupikie na sisi."

Kamati ya maktaba haikufurahi. Mwenyekiti wake ni mwalimu mstaafu wa hesabu, mama wa miaka sabini na moja aliyefundisha miaka thelathini na minne. Kila anayejua hesabu mjini humu alifundishwa na yeye, na wasiojua pia. Mwalimu alipinga waziwazi. Mkutubi akasimama kikaoni na kusema: "Picha atakayotupikia naidhamini mimi. Ikiwa na kosa, kosa ni langu."

Habari hizo zilipofika gereji, Koti Tatu aliacha hata chai. Alichagua picha iliyopigwa chombo kikiwa kinaondoka, Mshtarii ikionekana karibu nzima, tumbo lake lote la mistari. Akaipika siku kumi na sita. Alipoiunga, akaona doa jeusi karibu na ukingo, dogo, umbo la punje ya maharage.

Kamera ya chombo kile hupigwa na mionzi mikali, na picha mbichi huja na chembe nyingi zisizo za sayari. Mpishi huzisafisha. Lakini kuna kanuni, na Koti Tatu anaijua kama jina lake: kabla hujafuta, rudi kwenye tepe. Uchafu wa kamera hukaa mahali pale pale katika kila tepe. Kitu cha Mshtarii husogea pamoja na mawingu.

Siku ile hakurudi kwenye tepe.

"Sikufikiri," anasema. Hacheki tena. "Niliona shimo, mkono ukatangulia. Nikachukua krimu ya pembeni, nikaziba, nikalainisha. Pakawa safi kama mlango mpya. Nikajisifu, Mungu anisamehe. Nikaituma maktaba."

Siku tisa baadaye, saa ya chakula cha mchana, alikuwa anapika picha nyingine ya mfululizo ule ule, iliyopigwa dakika chache baada ya ile ya kwanza. Nyundo alikuja na sahani yake mkononi, akatazama juu ya bega lake.

"Shemeji, na hili tundu la risasi?"

Koti Tatu anasema aliliona kabla Nyundo hajamaliza sentensi. Doa lile lile, punje ile ile, ila sasa limesogea upande.

"Nikasogeza sahani pembeni," anasema. "Nikafungua tepe za ile ya kwanza. Nyekundu, lipo. Kijani, lipo. Buluu, lipo. Na kila tepe limekwenda na mawingu yake."

"Ni nini basi?" Nyundo aliuliza.

"Ni kivuli. Mshtarii ina miezi mingi. Mmoja umepita mbele ya jua, kivuli chake kimeangukia mawingu. Kungekuwa na mtu pale na mahali pa kusimama, angeona jua limepatwa."

"Na wewe ulilifanya nini?"

"Nimelipiga puti."

Nyundo, ambaye hajawahi kukosa utani tangu azaliwe, alimalizia tonge lake bila kutania. Kisha akasema kitu ambacho Koti Tatu anakiri kilimshawishi kwa muda wa kama kumeza mate.

"Nani atajua? Kuna mtu hapa mjini ana Mshtarii nyingine ya kulinganisha?"

"Shemeji, mwezi umezunguka mpaka ukatupa kivuli. Chombo kimesafiri miaka kikakiona, kikakipiga, kikakituma. Watu wote wamekipokea. Mimi ndiye wa kukikataa?"

"Sijasema ukikatae. Nimesema unyamaze."

"Unajua watu wakisema fulani kapika hesabu wanamaanisha nini?"

"Kaiba."

"Basi mimi nimepika namna hiyo."

Hakumaliza chakula. Alikwenda maktaba na ovaroli yake, mchana kweupe, watu wakimpisha njiani wasije wakapakwa rangi. Mkutubi alimsikiliza amesimama. Alipomaliza, mkutubi alivuta kiti akakaa.

"Bango linachapwa keshokutwa," alisema.

"Najua."

"Na mimi niliidhamini picha hiyo kwa mdomo wangu."

"Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza, mdogo wangu. Kosa ni langu, lisiwe lako. Wakitaka ukuta ubaki mtupu, ubaki. Lakini ile picha isipande."

Mkutubi alimpigia simu Mwalimu papo hapo. Jibu lilikuwa fupi, na lilisikika hadi upande wa pili wa meza: "Apike upya. Bango lichapwe, lakini lisigundishwe. Alhamisi aje aseme mwenyewe, ndipo nitajua."

Aliipika upya kwa siku mbili, kivuli kikiwa mahali pake. Gereji ilisimama, Nyundo alipaka praima, rangi ya chini inayotangulia makoti, mwenyewe, kazi ambayo Koti Tatu anaieleza kwa neno moja tu: "Alijaribu."

Jumatano alikwenda kwa fundi wa mabango kushuhudia uchapaji. Bango lilikuwa la vipande vitatu vya kuunganishwa ukutani. Kipande cha kwanza kikatoka kwenye mashine, kikapendeza. Cha pili kikapendeza. Cha tatu, chenye ukingo wa sayari, kikatoka laini, krimu tupu.

Hakikuwa na kivuli.

"Kiko wapi?" Koti Tatu aliuliza.

"Nini, dada?"

"Kilikuwa na doa jeusi hapa!"

Fundi wa mabango akatabasamu kama mtu anayesubiri shukrani. "Aa, lile? Nililiona. Nimekusafishia, dada. Bure kabisa, usijali."

Koti Tatu anasimulia kwamba alijishika kiuno, akatazama dari, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka, na fundi yule akaanza kumwogopa. Alipoeleweshwa, fundi alijipiga kofi la paji la uso. Alisema yeye akiona doa kwenye bango hawezi kuliacha, mkono wenyewe hautulii.

"Nikamwambia, kaka, tulizaliwa mama mmoja," anasema Koti Tatu. Kipande cha tatu kikachapwa upya, na kwa kazi hiyo tangi la pikipiki ya fundi wa mabango litapakwa rangi. Koti tatu.

Ndipo ikafika Alhamisi, ndiyo leo; koti la tatu la teksi litangoja.

Ni saa nne asubuhi. Chumba kipya cha kusomea kinanuka mbao na gundi. Rafu bado tupu. Bango limeshikizwa kwa tepu upande wa juu tu, na chini linapepea kidogo kila mtu anapopita. Ndoo ya gundi iko sakafuni, na mfuniko wake umefungwa. Wanakamati watano wamekaa kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa videvu, isipokuwa Mwalimu, ambaye amekataa kiti hicho na kusimama.

Mkutubi anasugua mikono.

Koti Tatu amevaa gauni na kilemba, lakini kucha zake zina nyeupe ya teksi. Anapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye Koti Tatu?"

"Ndiye mimi."

"Nilipinga picha yako."

"Nilisikia, Mwalimu."

"Nikueleze kwa nini, usije ukadhani nina chuki. Fundi rangi kazi yake ni kuficha. Gari limegongwa, yeye analifanya lionekane halikugongwa. Nikauliza kikaoni, mtu wa kuficha tutamwekaje ukutani penye watoto? Wakaniona mkorofi. Leo naambiwa ulificha kweli. Sema."

Mkutubi anatazama sakafu.

"Ni kweli, Mwalimu," anasema Koti Tatu. "Sikukusudia, lakini nilificha." Anaeleza yote, tangu doa hadi puti, tangu tundu la risasi hadi fundi wa mabango. Hampaki mtu matope. Anaposema "mkono ulitangulia," anauinua ule mkono, kama shahidi wa pili.

Mwalimu anavaa miwani iliyokuwa ikining'inia kifuani, anasogea ukutani mpaka pua inakaribia bango.

"Hiki ndicho?"

"Ndicho."

"Upana wake?"

"Unapita kilomita elfu tatu."

"Elfu tatu." Mwalimu anageuka. "Ulizifuta kwa dakika ngapi?"

"Sekunde, Mwalimu."

Mwanakamati mmoja anashindwa kujizuia, anacheka, na kiti chake kidogo kinalia. Mwalimu hamtazami.

"Nani alikugundua?"

"Shemeji yangu aliuliza. Aliyegundua ni mimi."

"Ungenyamaza, mimi ningejua?"

"Hapana."

"Hapana," Mwalimu anarudia polepole, kama anayelitia jibu alama ubaoni. "Nimesahihisha madaftari miaka thelathini na minne. Wanafunzi waliofuta jibu baya wakaandika zuri, ni wengi. Aliyerudi ofisini na daftari lenye alama ya vema, akasema, 'Mwalimu, hili umekosea kunipa, mimi sikupata,' nilimpata mmoja. Na huyo hakuwa hodari wa hesabu."

Anavua miwani.

"Gundisheni."

Mkutubi anavuta pumzi inayosikika chumba kizima. Mfuniko wa ndoo unafunguliwa. Fundi wa mabango, ambaye muda wote alikuwa amejibanza nyuma ya rafu, anatoka na brashi yake akitembea kwa ncha za vidole. Kipande cha kwanza kinalala ukutani, kinapapaswa, kinashika. Cha pili. Cha tatu. Koti Tatu anasaidia kutoa mapovu kwa kiganja, akianzia katikati kwenda pembeni, na anapofika kwenye kivuli anapunguza mwendo, anakipitia taratibu, anaendelea.

Sasa Mshtarii imeujaza ukuta, krimu na chai ya maziwa, na punje nyeusi ukingoni. Nje ya dirisha watu wawili waliokuwa wakipita wamesimama, mmoja anamwonyesha mwenzake kwa kidole.

"Chini yake tutaandika imepikwa na nani," anasema mkutubi. "Na tutaandika Koti Tatu, au jina la cheti?"

"Koti Tatu. La cheti hata mimi nikiitwa nachelewa kuitika."

Wanacheka wote. Lakini Mwalimu bado hajamaliza. Anamwita kwa kidole, kama zamani.

"Sikiliza. Chumba hiki hakitakuwa cha kutazama ukuta. Kila Jumamosi, saa tatu mpaka saa tano, utakuja na kompyuta yako iliyovaa nailoni, uwafundishe watu kupika hizo picha. Wakubwa kwa wadogo. Mimi nitakaa mbele."

"Mimi, Mwalimu? Niliishia kidato cha pili."

"Sikukuuliza uliishia wapi. Jumamosi una magari mengi?"

"Nitampa shemeji praima."

"Vizuri. Sasa nisikie. Watakuuliza mambo usiyoyajua. Wakubwa watauliza, watoto watauliza mabaya zaidi. Watakuonyesha vitu kwenye hizo tepe ambavyo hujawahi kuviona. Utafanyaje?"

Koti Tatu anatazama mkono wake, anaufuta kwenye gauni ingawa hauna kitu, kisha anamtazama Mwalimu usoni.

"Nakuahidi, Mwalimu, na hawa wote wasikie," anasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na kompresa. "Nitakachokikuta nisikijue, nitakiacha pale pale kilipo, na nitasema sijui."